Kibuyu cha Athanasie

Hakuna mtu Nyamitaba aliyewahi kunywa kasiksi ya Athanasie kabla ya Athanasie mwenyewe kuionja. Ndiyo desturi ya milima yetu: mwenye pombe hunywa kwanza, funda moja, mbele ya macho ya mgeni, kisha hupangusa mrija na kumpa. Mtu akikupa kinywaji bila kuonja, inuka uende zako. Miaka ishirini na mbili mama huyu alivundika ndizi, akazikamua, akachanganya na unga wa mtama, na kila kibuyu alikionja. Lakini wee! Mashaka ya watu hayaoshwi na funda moja.

Maana shemeji yake Evode, mdogo wa marehemu mume wake, alianza kukonda. Macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, akajikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Na Evode alikuwa akinywa wapi? Kwa Athanasie. Basi watu wakajua, au walidhani wamejua. Karuho, walisema, ile sumu ya polepole inayotiwa kwenye kinywaji. Vestine, mke wa Evode, alimpeleka mumewe kwanza kwa mganga wa mitishamba, akanyweshwa dawa ya kutapisha siku tatu, nusura atapike roho. Sumu haikutoka. Ndipo akampeleka hospitali, Mweso, na nyuma akaacha neno: "Evode akikufa, ule mama hatalala tena hapa kwetu. Lisemwalo lipo."

Athanasie alijua uzito wa neno lile kuliko mtu yeyote. Miaka minane nyuma, mume wake Nsengimana alikufa na macho yaleyale ya manjano, na ni yeye, Athanasie, aliyesimama mbele ya watu akamnyooshea kidole Mama Uwamwezi, jirani mjane aliyekuwa akimletea mgonjwa maziwa. Nyumba ya Uwamwezi ilichomwa kabla jua halijazama. Mwenyewe alikimbia na sufuria moja. Sasa Athanasie alilala na viatu miguuni, akisikiliza mbwa.

Evode alirudi kutoka Mweso, na baada ya wiki mbili akapanda mlima daktari wake, Dokta Gentille, mtu wa magonjwa ya tumbo, mmoja wa wale wanaochunguza saratani ya kongosho. Alishuka kwenye pikipiki, matope mpaka magotini, akabisha kwa Athanasie na daftari mkononi. Daftari! Nani anayekuja kwa wema na daftari? Athanasie aliwatazama Vestine na majirani waliojipanga nje ya ua, akasema moyoni, huyu wamemtuma kunichimba.

"Mama, nimekuja kuuliza tu," daktari akasema.

"Nani amekutuma?"

"Kazi yangu. Papa Evode iko na uvimbe mu kongosho, ile nyama inalala nyuma ya tumbo. Uvimbe njo unafunga njia ya nyongo, njo maana macho inakuwa manjano. Tunatafuta kujua ugonjwa unaanzaka wapi."

"Sema tu unataka kujua ninatiaka nini mu kasiksi."

"Hapana, Mama. Nataka kujua kama kuna muntu mwengine wa jamaa ya Papa Evode alikufa vile."

 Jibu Athanasie alikuwa nalo, na lilimchoma. Kama ni ugonjwa wa jamaa, basi siku ile kidole chake kilimnyooshea nani?

"Hapana," akasema. "Hakuna."

Daktari akafunga daftari, akainuka taratibu. "Basi, sina mengi ya kuambia bale batu ba inje. Banasema mashine ya hospitali haionake sumu."

Akafika mlangoni. Nje, Vestine alikuwa amekunja mikono, anangoja.

"Ngoja," Athanasie akasema, na machozi yakamtoka kwa hasira, hasira ya kujikasirikia. "Bwana yangu. Miaka munane. Macho, kujikuna, mukojo, vyote ni vile vile."

Daktari alirudi kuketi. Akaandika muda mrefu, akauliza umri, akauliza maumivu yalianzia wapi. Mwisho akasema: "Ndugu wawili, tumbo moja. Siwezi kuapa juu ya yule sikumupima. Lakini ugonjwa huu, mara zingine, unafuataka jamaa. Kwa Papa Evode nimeona uvimbe na macho yangu. Si kasiksi, Mama. Si wewe."

Si wewe! Athanasie aliingojea furaha. Ilifika nusu, ikarudi. Kama si yeye, basi wala si Uwamwezi.

Daktari akatoka akawaeleza watu, na Evode, aliyekuwa amefika uani, akasimama kando yake ameegemea fimbo. Vestine akadakia: "Dokta, amekunywesha nini mule ndani?"

"Vestine, nyamaza," Evode akasema. "Ugonjwa ni wangu. Kaka yangu naye alikuwa nao."

Watu wakatazama miguu yao. Kila mtu mzima pale, siku ile ya moto, alikuwa amebeba nyasi kavu. Hakuna aliyetaja jina. Wakatawanyika mmoja mmoja, wakikumbuka ghafla mbuzi na mashamba.

Siku ya tatu Athanasie alifunga kibuyu mgongoni, akashuka Mweso, alikosikia Uwamwezi alikimbilia. Alimkuta Uwamwezi upande wa wakimbizi wa vita, amezeeka, anachambua maharagwe mbele ya kibanda cha turubai. Akapiga magoti kwenye udongo, akamweleza yote: uvimbe, ndugu wawili, maneno ya daktari.

"Nilikusingizia, Mama. Unisamehe."

Uwamwezi hakuacha kuchambua. Athanasie akafungua kibuyu, akatia mrija, akamwelekezea. Na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili, akasahau.

Bibi akautazama mrija, kisha akamtazama yeye.

"Onja kwanza."

Athanasie akaonja, uso ukimwaka kwa aibu.

"Tena."

Akaonja tena. Uwamwezi alilitazama koo lake mpaka likameza, kisha akakisogeza kibuyu kando ya mlango, akamsukumia ungo wa maharagwe.

"Utalala hapa," akasema. "Kesho ukiamuka muzima, njo nitakunywa."