Maziwa ya Mama Paskali

Hata leo nikipita karibu na lile dirisha la ofisini naona aibu. Mimi ni karani hapa Babati, na tumbo langu halipatani na maziwa. Mama Paskali, anayetupikia chai, aliona nimekonda tangu nihamie kutoka Tanga, akaanza kuniletea kikombe cha maziwa ya ng'ombe wake wa kule Mutuka. Mama wa umri ule unamwamkia shikamoo, utamwambiaje huyataki? Nikawa nashukuru, na akitoka namimina kwenye chungu cha maua kilicho dirishani, pembeni ya meza yangu.

Baada ya wiki chache vijidudu vyeusi vinavyoruka vikajaa ofisini, vinaingia mpaka puani. Nililalamika kuliko wote. Nikamlaumu mwenzangu kwa ndizi zake, naye akazirudisha nyumbani bila kubisha.

Siku moja Mama Paskali akasema, "Hebu tuangalie kwenye maua." Akatandika gazeti, akamwaga udongo mbele yetu wote. Funza weupe, wembamba kama uzi, walikuwa wakijinyonganyonga kwenye mizizi. Akachukua udongo kidogo, akaunusa, akaunusa tena. Mtu anayekamua ng'ombe kila asubuhi hawezi kukosea harufu ile.

Akanitazama. Nikaangalia viatu vyangu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "nilidhani nakunenepesha wewe. Kumbe nafuga hawa."

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akanimiminia chai ya rangi.