Programu yangu ilisema ziwa shwari

Ko. Mlio mfupi, wa chungu chenye ufa. Kizima hulia kama kengele. Shangazi alikigonga kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na bandeji, akasema, "Hiki nacho basi."

Admin, nifichie jina. Nina miaka ishirini na sita, nimesomea kompyuta, nimerudi nyumbani Kyela. Shangazi ni mfinyanzi wa kijiji cha Ikombe, kando ya ziwa. Yeye na wenzake hupeleka vyungu sokoni kwa mtumbwi, nami niliwatengenezea programu ya simu inayochukua taarifa za upepo kutoka huduma moja ya mtandaoni. Namba ikizidi ishirini, simu inawaambia msiende.

Huduma ile ilikuwa ikibadilishwa mara kwa mara, na kila ikibadilika programu inakwama. Nikachoka. Nikaifundisha ijirekebishe yenyewe: jina la taarifa likibadilika, itafute linalofanana nalo, iendelee. Nilijivunia sana.

Mwezi uliopita walibadilisha jina, na kipimo pia: badala ya kilomita kwa saa, mita kwa sekunde. Programu ikalipata jina jipya bila shida. Ikasoma kumi. Shwari. Kwa kipimo cha zamani ingekuwa thelathini na sita.

Mtumbwi ulipinduka karibu na miamba. Wote walifika nchi kavu, ila mkono wa shangazi ulibanwa, hatafinyanga tena. Kiliokolewa chungu kimoja tu, kizima kwa macho.

Wenzake wanamsema, maana kabla ya simu yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea anga. "Mama, umezeeka wewe! Siku hizi hata wingu la mlimani hulioni?" Anacheka tu. Tulipobaki wawili akaniambia, "Wingu nililiona, mwanangu. Nikasema, mtoto wa kaka yangu amesoma kuliko mimi. Wewe nyamaza, wasije wakakucheka."

Sikulia. Nakula, nalala, naitikia salamu. Sihisi kitu, nasikia ko.

Nilianza kuwaandikia ili mniambie: ninyamaze kama alivyoniomba, au niseme? Sikusubiri majibu yenu. Asubuhi hii nimeiondoa sehemu ile ya kujirekebisha. Huduma ikibadilika, simu itasema "sijui" mpaka niikague mwenyewe. Kisha nikaenda kwa akina mama, pale wanapokanda udongo, nikawaambia wote, shangazi akiwepo, kosa ni la nani, na kwamba wingu aliliona.