Msuli Aliokuwa Akiusaga Mama Shoka

Shangazi yangu alikuwa muuza nyama, na mtaa mzima ulimwita Mama Shoka. Hakuchukia. Bucha aliirithi kwa babu, na pale ambapo wengine wangepiga shoka mara tatu, yeye alipiga mara moja tu, mfupa ukaachana. Baba, ambaye ni mdogo wake wa kumfuata, alikaa kwenye mizani. Shangazi alisema amemweka huko ili abaki na vidole vyake kumi.

Kwa miaka ishirini na minane alisimama kwenye sakafu ile ya saruji, gambuti miguuni, magoti ameyasukuma nyuma kabisa ili asichoke. Maumivu yalianzia mguu wa kulia, nyuma ya goti, palepale penye mkunjo. Mwanzoni alihisi kama kitu kinamvuta. Halafu shavu la mguu nalo likawa linamkaza. Alisema ni uzee unabisha hodi, akajipaka kila dawa ya kuchua aliyoletewa, mpaka mteja mmoja akauliza kwa nini maini yananuka dawa.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye foleni, nimetumwa nyama ya nyumbani. Shangazi aliinua shoka, na papo hapo msuli ukamkaza. Shoka likaanguka sakafuni, chupuchupu limpate baba. Akalikumbatia gogo la kukatia nyama, mdomo wazi.

"Dada, kaa chini!"

"Sikunji! Goti halikunjiki!"

Baba akapiga magoti kwenye unga wa mifupa, akamvua gambuti, akashika kisigino na kuvisukuma vidole vya mguu taratibu kuelekea juu. Tukasubiri. Msuli ukalegea kidogo kidogo, na Shangazi akavuta pumzi.

"Leo hii hii tunakwenda hospitali," baba alisema.

"Na wateja?"

"Watakula maharage."

Mimi ndiye niliyempeleka. Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mdogo wa umbo, na Shangazi alimtazama kama anayejiuliza huyu naye ataweza kuinua nini. Binti hakujali. Alipima mashavu yote mawili ya miguu kwa utepe, akagusa kuona kama kuna joto, akauliza kama amekaa safarini muda mrefu, kama pumzi inambana.

"Mama, kama mguu mmoja ungekuwa umevimba, mwekundu, una joto, ningekukimbiza kwa daktari sasa hivi. Huenda ingekuwa damu imeganda ndani, na hiyo haichuliwi kabisa. Lakini sioni dalili hizo."

Akapapasa nyuma ya goti kutafuta uvimbe wa maji. Hakuna. Akasema, "Haya, nioneshe unavyosimama kazini."

Shangazi akasimama kama kawaida yake, magoti nyuma. Binti akatikisa kichwa, akamkalisha tena.

"Ukisimama hivyo, goti linajifunga. Mfupa wa paja unazunguka kidogo sana juu ya huu wa chini, unakaa imara. Sasa ukitaka kulikunja, lazima lifunguliwe kwanza. Kazi hiyo inaanzwa na kamsuli kadogo, kako hapa." Akabonyeza. Shangazi akaruka.

"Mama yangu wee!"

"Ndiko hako. Unakachosha, pamoja na shavu la mguu."

"Kwa hiyo kila nikitaka kukunja goti lililojifunga..."

"Kanakufungulia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipojifunza kusimama, mama."

Shangazi alilitazama goti lake kama mtu aliyegundua kwamba nyumbani kwake kuna mtu anayefanya kazi miaka yote bila kutoa sauti.

"Na sijawahi kukasikia," alisema polepole.

Binti alimfundisha kusimama magoti yamelegea kidogo, kuweka mguu mmoja juu ya kiboksi na kubadilisha, kuketi kila saa, kunyoosha mashavu ya miguu kwa kuegemea ukuta, na kuweka taulo lenye uvuguvugu jioni.

Kesho yake nilipita buchani kumjulia hali. Paja la ng'ombe lilikuwa mezani, shoka limewekwa kando. Shangazi alikuwa ameshika kisu kidogo, anafungua nyuma ya goti la ng'ombe kwa uangalifu, kama anayefungua barua ya mtu mwingine. Wateja walikuwa wakingoja zamu zao. Hatimaye akakiona: kipande bapa cha pembetatu, kimelala juu ya mfupa, kano lake limepanda na kupotelea ndani ya kiungo.

"Jamani, njooni muone."

Wakainama juu ya kaunta. Akakivuta kile kipande kwa vidole viwili, na ule mfupa mzito wa chini ya goti, ambao baba hubeba kwa mikono miwili, ukageuka. Kidogo tu, lakini ukageuka. Mama mmoja mnene akashika kifua, "Ewe Mola wangu."

"Miaka ishirini na minane," Shangazi alisema, "nakitupia kwenye nyama ya kusaga."

Siku hiyo hakukisaga. Alikiweka kwenye sahani, na kila aliyeingia akaoneshwa, atake asitake, huku baba akilalamika kwamba hapa sasa ni bucha au ni shule.

Mguu haukupona kwa siku moja. Wiki mbili za kwanza alisahau na kusukuma magoti nyuma, na baba alikuwa akimgonga kiatu kwa ufagio kumkumbusha. Baada ya miezi miwili kukazwa na msuli kuliisha, ingawa siku za wateja wengi pale nyuma bado panauma kidogo. Panapouma anaketi kwenye kreti mlangoni, mguu ameunyoosha, na kutazama watu wa barabarani: wachuuzi, wanafunzi, mzee anayeinuka kwenye benchi la fundi viatu.

"Mwone yule," aliniambia mchana mmoja, kwa sauti ya chini kabisa. "Mwone anavyoinuka. Na hajui lolote."

Tukamtazama yule mzee mpaka alipokata kona.