Jina la Mama ni la Binti wa Pili

Juzi, katika kliniki ya saratani mjini Thika, niliketi karibu na msichana wa kijiji cha Gatuanyaga na mama yake. Muuguzi alimweleza msichana kwamba dawa zingeweza kumnyima uzazi, hivyo ni heri mayai yake yatolewe na kuhifadhiwa kwenye baridi kwanza.

“Basi muweke ya kutosha wasichana wawili,” akasema msichana. “Kwetu wa kwanza hupewa jina la mama ya bwana. Jina la huyu mama yangu ni la wa pili.”

“Na bwana yuko wapi?” akauliza muuguzi.

“Huyo bado, sista. Lakini yeye hahitaji friji.”

Mama alikaza kitambaa kichwani, akaketi wima.

Nina wajukuu wanaoitwa jina langu. Hakuna kati yao aliyewahi kupiganiwa namna hiyo.