Makizari wa Chumba cha Kumi na Nne

Naitwa Esperance Namegabe, mzaliwa wa Bukavu, na kwa miaka mitano nilishika funguo za hosteli ya wanafunzi huku Kanyosha, Bujumbura. Kwa usafi nisifiwe, sawa. Kwa mdomo, apana. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata haya.

Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa milimani kuja mjini, na wenye nyumba wakanenepa. Chumba kimoja cha mabati kikawa bei ya nyumba nzima. Wanafunzi walilala madarasani, wengine kanisani. Mwishowe serikali ikakodi jumba lililokuwa ghala la kahawa, ikagawa vyumba kwa mbao, ikaweka vitanda sitini na kutangaza redioni kwamba mwanafunzi atalipa kidogo tu. Vitanda sitini, na walioomba walipita mia tatu! Mi mkimbizi, sina karatasi hata moja ya maana, nikapewa kazi pamoja na kachumba kando ya mlango, nikaishi humo na binti zangu wawili.

Sylvère hakuwa kwenye orodha. Alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu, mtaa wao ulikuwa umeteketea, naye alilala sakafuni chumba cha kumi na nne, katikati ya vitanda vya rafiki zake wawili. Nilijua tangu wiki ya kwanza nikanyamaza. Lakini nilimgombeza kwa maji, kwa choo, kwa viatu vyake ngazini, naye alijibu "Pole, Mama" tu, mpaka nikazidi kukasirika, maana mtu mpole hakupi nafasi ya kugombana. Jioni alimfundisha binti yangu mdogo hesabu, bure.

Asubuhi moja akaja mkaguzi kutoka wizarani, Bwana Herménégilde, kuhakikisha kwamba vitanda vya serikali vinalaliwa na wenyewe. Siku zile ofisa hakutembea bila askari. Wawili walisimama nyuma yake. Bomba lilikuwa limekauka, na muda mfupi kabla nilikuwa nimemkuta Sylvère akinawa kwa ndoo yangu ya mwisho. Hasira ilikuwa bado kooni. Mkaguzi aliponiuliza kama kuna asiyeandikwa, nikajibu kwa sauti, huku nacheka:

"Yuko, chef. Mu chumba ya kumi na ine muko makizari moja."

Kwetu Bukavu, makizari ni mwanafunzi aliyekosa kitanda, anayejibanza kwa mwenzake. Ni neno la utani. Nilitaka atishwe kidogo, basi. Kumbe Bujumbura ya vita, makizari ni mtu wa porini mwenye bunduki. Mkaguzi hata hajamaliza kuandika, askari walikuwa tayari wanapanda ngazi mbio. Walimteremsha Sylvère kifua wazi, wakimwita makizari, povu la sabuni likiwa bado sikioni. Alinitazama tu, akingoja niseme.

Na la kusema lilikuwa dogo: kwamba kwetu neno lile ni la mwanafunzi asiye na kitanda. Mtoto angeweza kulisema. Nikafunga mdomo, mi niliyeshindwa kuufunga dakika moja kabla! Niliogopa wangeniuliza karatasi zangu, wangeniuliza kwa nini nilimficha, na kachumba kangeenda. Gari likaondoka. Nikaingia ndani nikachambua maharage.

Siku ya kwanza nilijiambia watatambua wenyewe. Siku ya pili rafiki zake walikuja kuniuliza nani alimchongea. Nikasema labda majirani, na nilisema hivyo nikiwatazama machoni, Mungu anisamehe. Siku ya tatu binti yangu aliuliza nani sasa atamfundisha hesabu, nikampiga kofi. Nilimpiga mtoto kwa kosa langu.

Siku ya nne nikaenda kwa miguu mpaka ofisini kwa mkaguzi, mtaa wa Kigobe, nikamweleza neno letu. Mwanzoni hakuelewa. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili, akaomba simu. Nilisimama pale nikingoja swali la karatasi. Halikuja. Siku zote nne niliogopa swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa na haja nalo.

Sylvère akaachiwa jioni ile. Mkono wa kulia, wa kuandikia, ulikuwa umefungwa bendeji, na mitihani ya mwisho, iliyofanyika siku zile zile, ilikuwa imemalizika bila yeye. Kwa majuto, mkaguzi akamwandika kwenye orodha: kitanda halali, bei ya serikali, chumba kile kile. Kumkabidhi funguo ilikuwa kazi yangu.

Nilimpa kwa mikono miwili, nikaanza kueleza mambo ya Bukavu na neno lile, maneno mengi kuliko aliyohitaji. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ile neno naijua, Mama. Unaniitaga ivyo kila siku," akasema. "Siku ya kwanza nilisema, Mama atakuja, ataeleza. Siku ya pili nikasema vile vile. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," nikamwambia.

Alitikisa kichwa polepole, akapokea funguo kwa mkono wa kushoto, akasema asante Mama, akapanda ngazi. Alikaa mwaka mzima mwingine, kurudia mitihani. Kila asubuhi aliniamkia kwa heshima, na kila asubuhi niliitikia nikitazama sakafu.