Lusungu wa Kamera Mbili

Kyela mjini, ukimuulizia Lusungu kwa jina peke yake utaulizwa, "Lusungu yupi?" Ukisema yule wa kamera mbili, hata muuza ndizi wa stendi atakuelekeza. Ni mwanamke mfupi, mzaliwa wa Ngana, mwenye mabega ya mtu aliyekua akibeba mpunga kutoka shambani. Kazini utamkuta amevaa mikanda ya ngozi iliyopishana mgongoni, kamera moja ubavu wa kushoto na nyingine ubavu wa kulia. Ya kushoto ina lenzi fupi, inayoingiza chumba kizima, keki, meza na mashangazi wote. Ya kulia ina lenzi ndefu kama chupa ya chai, ya kuwavuta walio mbali.

Mikanda hiyo alishonewa na fundi viatu wa sokoni, baada ya ile ya kawaida kumchubua shingo harusi baada ya harusi. Fundi alimpima mabega na kifua, akamuuliza, "Dada, kwani unakwenda vitani?"

"Nakwenda ubatizo," Lusungu akamjibu.

Zamani alikuwa na kamera moja kama wapiga picha wengine. Kilichombadilisha ni mchanga. Siku moja ya upepo alifungua kamera ufukweni mwa ziwa, Matema, ili abadilishe lenzi, na tangu hapo kila picha ikatoka na madoa meusi palepale: leo kwenye shavu la bibi harusi, kesho kwenye kola ya mchungaji. Fundi wa Mbeya aliyeisafisha alipuliza mara ya kwanza, akacheka. "Mama, umeniletea ziwa zima humu ndani." Lusungu hakucheka. Aliporudi alimtafuta mfanyabiashara mmoja wa Kasumulu aliyekuwa akileta vitu vilivyotumika kutoka ng'ambo ya mto Songwe, akapata kamera ya pili, akaifunga lenzi ndefu na kuiacha hivyohivyo. Kuanzia siku ile hakufungua tena kamera nje. Akitaka karibu, mkono wa kushoto. Akitaka mbali, mkono wa kulia.

Watu walisema anajionesha. Yeye alizidi kufanya kazi. Simu zilipojaa mikononi mwa kila mtu na wapiga picha wengi wa mjini wakafunga studio, lenzi ndefu ndiyo iliyomweka kazini. Simu zote zinasongamana mbele ya keki. Lusungu husimama nyuma kabisa, anamvuta mama mzazi anayejifuta machozi kwenye kona ambako hakuna aliyemwangalia, na mwezi mmoja baadaye familia inapoiona picha hiyo inaagiza ikuzwe itundikwe sebuleni.

Lakini siku inayosimuliwa mpaka leo ni ile ya harusi ya Abigail.

Abigail alikuwa binti wa Lumbila, kijiji kilicho chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo watu hufika kwa maji. Alikuwa anaolewa na Benedict, mwalimu aliyehamishiwa Kyela kutoka Singida, na ndoa ilikuwa ifungwe Matema, kanisani karibu na ziwa. Mama yake alifariki Abigail akiwa mdogo. Aliyemlea ni baba yake, Mzee Eliud, mvuvi mkimya, mrefu, ambaye siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, alisimama akasema sentensi moja tu: "Nitamfikisha mwenyewe mpaka madhabahuni." Kisha akaketi, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, majira ambayo upepo wa mwera huamka bila kumwuliza mtu. Mzee Eliud alipiga simu alfajiri kwamba boti inaondoka Lumbila, yeye na jamaa zake wamo. Baada ya hapo simu yake haikupatikana. Hilo halikumshtua mtu, maana njia nzima ile mtandao ni wa kuokoteza. Jua lilipopanda, mwera ukapanda nalo. Mawimbi yakaanza kupiga ufukweni kwa sauti ambayo kanisani iliwalazimu wanakwaya waimbe kwa nguvu zaidi.

Lusungu alikuwa chumba cha pembeni ya kanisa pamoja na bibi harusi, akitumia kamera ya lenzi fupi. Alishapiga viatu, maua, mikono ya matroni akifunga vifungo vya shela mgongoni. Kisha Mchungaji akabisha hodi, akaingia taratibu.

"Abigail, mwanangu, muda umekwenda," alisema. "Baba mdogo wako yupo nje na suti yake. Akushike mkono tuanze. Mzee akifika atatukuta."

"Hapana, Mchungaji."

"Watu wamekaa tangu asubuhi."

"Naomba wanisamehe. Baba yangu alisema atanifikisha." Alipandisha pumzi, akauliza swali ambalo kila mtu mle ndani alikuwa analikwepa. "Mbona hamsemi mnachofikiri? Mnafikiri boti imezama?"

Shangazi yake, Mama Anyosisye, aligeukia dirishani. Lusungu akashusha kamera. Alikuwa amepiga nyuso za watu wengi wanaolia, lakini ule wa Abigail wakati ule hakutaka kuupiga. Alitoka nje.

Ufukweni kulikuwa na kundi la watu waliovalia harusi, wamekinga macho kwa viganja, wanaangalia upande wa Ikombe, ambako mlima unaingia ziwani na miamba inaanza. Baadhi waliinua simu, wakavuta picha mpaka ikawa ukungu mtupu.

"Kuna kitu cheusi kule," alisema mmoja. "Kile."

"Hiyo ni boti imejificha upepo," alijibu Anyitike, mwenye boti ya injini inayobeba abiria pale Matema. "Manahodha wa Lumbila hujificha nyuma ya miamba. Wanangoja upoe. Watakuja."

Watu wakavuta pumzi kidogo. Lusungu akaingiza mkono ubavu wa kulia, akainua kamera ya lenzi ndefu, akapiga goti mchangani ili mwili usitikisike. Mwanzoni aliona maji tu, ya kijani, yanapanda na kushuka. Akapoteza kile kitu, akakipata tena, akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akageuza kamera aangalie picha kwenye kioo cha nyuma, akaikuza.

Boti ile haikuwa imejificha. Ilikuwa imelala upande, chini mno majini. Watu wawili walikuwa wanapiga makasia, wengine wanachota maji kwa ndoo na kumwaga. Nyuma, mahali pa injini, mtu alikuwa ameinama akihangaika. Na mawimbi yalikuwa yanawasukuma polepole kuelekea kwenye miamba.

"Kaka Anyitike, njoo uone."

Anyitike alikuja bila haraka, akainama juu ya kioo. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Injini imezimika," alisema. "Wanakwenda kupiga mwamba hawa." Aliwaita wenzake kwa majina, wakavua viatu vyao vya harusi wakaviacha mchangani, wakaisukuma boti yake majini wakiwa na suruali zilizopigwa pasi. Mtu mmoja alikumbuka kamba nene, akakimbia nayo, akawatupia.

Lusungu alirudi chumbani. Njiani alijiuliza aseme nini. Mama Anyosisye alimdaka mlangoni na kumnong'oneza, "Mwambie boti iko karibu tu, mwache atulie."

Lakini Lusungu alipomwona Abigail ameketi pale, shela imemzunguka sakafuni, aliona hawezi kumdanganya mtu kama huyo. Alichuchumaa mbele yake.

"Mdogo wangu, boti nimeiona. Inaelea. Injini imezimika, na Anyitike amekwenda na watu kuivuta. Baba yako bado sijamwona. Nikimwona nitakuambia kwanza wewe."

Abigail alimkazia macho. "Utaniambia hata kama…"

"Hata kama. Nenda kaoshe uso."

Lusungu alirudi ufukweni, akapiga goti palepale. Sasa hakuwa anapiga picha za kuuza. Alikuwa anatafuta mtu. Alipitisha lenzi kichwa kwa kichwa: mwanamke aliyejifunga kanga kichwani, kijana mwenye ndoo, mzee mmoja mfupi. Wimbi likaificha boti, ikapotea yote, akahesabu pumzi zake mpaka ilipopanda tena. Boti ya Anyitike ilikuwa inaikaribia, inarukaruka. Kamba ikatupwa, ikaanguka majini. Ikatupwa tena.

Ndipo akamwona. Katikati ya boti alisimama mtu mrefu, miguu ameipanua, mwili wote umelowa, mikono miwili ameiinua juu kabisa ya kichwa. Mikononi alikuwa ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwenye nailoni. Wengine wote walichota maji. Yeye alishikilia tu kile kitu kisiguse maji.

Lusungu alibonyeza, akakuza, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Nini? Nini?" Watu walimzonga. Mama Anyosisye alipenya mpaka mbele, akaangalia kioo kwa muda.

"Ni kaka yangu," alisema. "Ni Eliud. Ameshika nini?"

"Suti, mama. Ameshika suti."

Mama Anyosisye alikaa chini mchangani na gauni lake la harusi, akapiga mapaja kwa viganja. "Ndaga Kyala! Ndaga Kyala!" akashukuru Mungu kwa Kinyakyusa, tena na tena, na wanawake waliokuwa karibu wakapiga vigelegele ambavyo vilifika kanisani kabla ya mtu yeyote kwenda kutoa habari.

Lusungu alikuwa ameahidi kumwambia Abigail kwanza, lakini hakuwahi. Abigail alikuwa ameshatoka. Alikuja mbio akiwa peku, shela ameikunja mkononi kama mtu anayevuka jaruba la mpunga, matroni nyuma yake anaita. Boti zote mbili zilikuwa zinaingia, moja inaivuta nyingine. Mzee Eliud hakungoja zifike mchangani. Alishuka, maji yakamfika kiunoni, akaanza kutembea huku suti ikiwa juu.

Hapo ndipo mikanda ya ngozi ilipofanya kazi yake. Lusungu alisimama katikati, ubavu kwa ziwa. Mkono wa kulia ulimvuta baba: maji yanamchuruzika puani, meno nje, nailoni inang'aa juu ya kichwa. Akaiachia kamera ikaning'inia. Mkono wa kushoto ulimchukua binti, hatua chache tu kutoka kwake, mdomo wazi, mkono umeinuliwa hajui auweke wapi. Hapakuwa na muda wa kuvuta pumzi kati ya picha hizo mbili. Mtu wa lenzi moja angechagua mmoja wao na kumkosa mwingine.

Abigail aliingia majini mpaka magotini, akamkumbatia baba yake jinsi alivyo.

"Usinilowanishe," Mzee Eliud alisema, na watu wakacheka, maana hapakuwa na sehemu kavu mwilini mwake. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, lakini Lusungu alikuwa karibu akasikia: "Nilikuambia nitakufikisha. Suti haijaguswa na tone."

Alibadilisha nguo ofisini kwa Mchungaji. Alipotoka, suti ya kahawia ilikuwa imenyooka kama imetoka dukani. Viatu vilikuwa vimechukuliwa na ziwa, na akakataa kuazima vya mtu. Alimshika binti yake mkono wakaingia kanisani, bibi harusi na upindo wa shela uliojaa mchanga, baba peku. Kwaya iliimba kwa nguvu hata mawimbi hayakusikika. Benedict, ambaye muda wote alisimama mbele bila kukaa, alijifuta uso kwa kitambaa cha mfukoni cha mpambe wake. Anyitike na wenzake waliingia mwishoni, suruali zinachuruzika maji kwenye sakafu ya kanisa, na Mchungaji akawaita wakakae viti vya mbele.

Jioni Lusungu alipewa sahani ya wali na samaki mbasa. Alivua mikanda yote, akaweka kamera mezani, akala mpaka akaongezewa. Mzee Eliud aliketi meza ya pili, amelala kwenye kiti katikati ya hotuba, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha.

Jumatatu asubuhi, akiwa studio Kyela mjini anachagua picha, simu yake iliita. Namba hakuijua. Upande wa pili kulikuwa na kelele za kuku na sauti ya mtu anayepaza ili asikike.

"Mama wa picha? Ni Eliud. Tumefika Lumbila salama. Ziwa limetulia kabisa leo, hata jani halitikisiki."

"Asante kwa kunijulisha, Mzee. Nilikuwa naangalia miti hapa nje tangu alfajiri kama kuna upepo."

"Hakuna upepo," alisema mzee. "Fanya kazi yako, mama. Sisi tuko nyumbani."