Kukhu Hakukaribishwa Mezani

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, upande wa Shianda, nikapitia kanisani. Wameweka vigae. Vyeupe, vinang'aa mpaka unaweza kujitazama, na mlangoni wamebandika karatasi: TAFADHALI PANGUSA VIATU. Nilisimama pale nimeshika pochi kama mgeni, na hasira niliyodhani nimeizika miaka mingi ikanipanda. Sikupangusa viatu. Najua ni utoto, lakini sikupangusa. Kaa hapa nikwambie kwa nini.

Chini ya vigae hivyo palikuwa na sakafu ya udongo, na aliyekuwa akiisiriba ni nyanya yangu. Tulimwita Kukhu, kama nyanya wote wanavyoitwa kwetu. Kila Jumamosi, umande ukishakauka, tulitoka pamoja, mimi na karai la mavi ya ng'ombe kichwani, mabichi ya asubuhi hiyo, yeye na ndoo ya maji na udongo mwekundu aliouchimba kando ya kisima. Usikunje pua. Yalinukia nyasi, na mpaka leo sijapata harufu inayonituliza kama ile. Kukhu aliyachanganya kwa mkono, akapiga magoti, akaanzia chini kabisa ya meza ya Bwana. Alirudi nyuma taratibu, kiganja kikichora nusu duara juu ya nusu duara, mpaka akatokea mlangoni kinyumenyume. Kwa mbali kinu cha posho kilikuwa kikipiga kelele, naye akiimba nyimbo za kitabuni, nyingine akiyakosea maneno makusudi ili nicheke.

Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Wenzake walipoitwa mezani kupokea mkate na divai, yeye alibaki amekaa, mikono mapajani. Sababu ilijulikana na kila mtu: alikuwa mke wa pili. Babu alikuwa na wake wawili katika boma moja. Nyanya mkubwa, aliyeolewa kwanza, alipokea kila mwezi, akarudi akijipangusa mdomo kwa leso. Kukhu, hapana. Kusiriba chini ya meza aliruhusiwa, kula mezani ikawa dhambi. Na babu, ambaye ndiye aliyewaoa wote wawili, hakukanyaga kanisani hata siku moja, wala hakuna aliyekwenda kumsumbua. Niambie wewe, hiyo haki ni ya wapi?

Kama Ukristo ni kitu mtu anachoweza kukiona kwa macho, mimi nilikiona jikoni kwa Kukhu. Wakati wa kuvuna miwa walikuja wakata miwa kutoka mbali, wamejaa masizi ya miwa iliyochomwa, hujui uso uko wapi na shingo iko wapi. Mvua ikinyesha, trekta zikakwama matopeni, walikaa siku mbili tatu bila kazi wala chakula. Kukhu alisonga obusuma, ugali wetu, sufuria nzima, akapika mboga ya mrenda, akawaita. Mmoja alijikata muundi kwa panga. Kukhu alimwosha kile kidonda kwa maji ya chumvi kila jioni mpaka akatembea, na sikumsikia hata mara moja akimuuliza anasali wapi. Wengine walikuwa Waislamu. Walimwambia, "Asalaam aleikum, mama," yeye akajibu, "Bwana asifiwe, kaeni," na wote wakala.

Nyanya mkubwa alinung'unika. "Wewe unalishanga watu hata hujui baba yao."

"Njaa yao najua," Kukhu alimjibu.

Halafu babu akafa. Hata matanga hayajaisha vizuri, mzee wa kanisa akaja nyumbani, uso umejaa tabasamu. Nilimletea chai mimi mwenyewe.

"Mama, mlango umefunguka," alisema akiipuliza chai. "Mzee ameenda. Sasa utasimama mbele ya watu, useme umeishi kwa dhambi na umetubu. Jumapili hiyo hiyo unakula meza."

"Niseme nimeishi kwa dhambi?"

"Ni maneno tu, mama. Hata si mingi."

"Na hii watoto sita nilizaa, nitakuwa nimesema ni ya nini?"

"Hiyo ndiyo njia kanisa inafuatanga. Si mimi nilitunga."

Baba yangu, mmoja wa hao sita, alikuwa amekaa papo hapo. Aliinamia kikombe chake, akaendelea kunywa chai.

Wiki nzima watu walimbembeleza. Nyanya mkubwa, ambaye ungedhani angefurahia kubaki mbele, alikuja mpaka mlangoni na kumwambia, "Sema tu, hata mimi nimechoka kuenda huko peke yangu." Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshapata kipaimara, na Jumapili hiyo ndiyo ningepokea kwa mara ya kwanza. Nilitaka tupige magoti bega kwa bega. Nililia, nikamshika nguo, nikamwambia aseme.

Jumapili ikafika. Kukhu alifunga kitambaa cheupe kichwani, akatembea polepole mpaka mbele, juu ya sakafu aliyoisiriba jana yake. Mzee wa kanisa alisimama kando yake ili amtamkie maneno, naye ayarudie.

"Mimi nimeishi," mzee akasema.

"Mimi nimeishi," Kukhu akasema.

"Kwa dhambi."

Kukhu akaitazama sakafu yake, kisha akainua uso.

"Na mume wangu," akasema. "Miaka mingi. Na Mungu alikuwa anaonanga."

Akageuka, akarudi kwenye benchi lake. Mzee akatangaza kwamba mama huyu ameikataa neema. Neema! Mtu ambaye mikono yake ilinuka kanisa kuliko kitabu chochote cha pale. Wakaamuru wimbo, ibada ikaendelea.

Jumamosi iliyofuata aliniita nibebe karai. Nilikataa. Nilimwambia wasiribe wenyewe, hao wasio na dhambi.

"Kwani nyumba ni yao?" akaniuliza.

Nikabeba. Aliisiriba sakafu ile mpaka magoti yakamkatalia. Alipolala kitandani mara ya mwisho, mimi nilikuwa tayari nafanya kazi Kakamega mjini, nikaenda kwa kasisi mpya wa kanisa letu kumwomba ampelekee mkate nyumbani. Alifungua kitabu, akatafuta jina, akafunga kitabu. Akaniambia kwamba pale pameandikwa hakutubu. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Kukhu alikufa bila kuonja. Jeneza halikuingizwa kanisani. Tulimwombea nyumbani, na mzee wa kanisa akaja, akala ingokho, kuku wa matanga, vipande viwili, akasimama kutuhubiria habari za mama aliyeipenda nyumba ya Mungu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikauma leso ili nisimtukane mbele ya wageni.

Sasa sakafu haipo, na aliyejua kuisiriba hayupo. Watoto wa pale wanateleza kwenye vigae, hawajui hata kwamba kanisa lilikuwa na harufu ya nyasi. Binti yangu anafundishwa kipaimara, na juzi alinikariria jibu la swali la Mkristo ni nani. Jibu refu, zuri, amelishika lote, na ndani yake hamna mtu aliyelishwa. Nilimsikiliza nikiwa nimekunja ngumi chini ya meza.

Lakini nimemsema mzee wa kanisa, nimemsema kasisi, nimemsema na baba yangu, na kuna mmoja bado sijamsema. Jumapili ile, baada ya Kukhu kurudi kwenye benchi lake, sisi watoto tuliitwa mbele. Niliona aibu kwamba yule ni nyanya yangu. Nilikwenda. Nikapiga magoti, nikapewa mkate. Kurudi, ilitubidi tuzunguke kwa nyuma, humo humo ndani ya kanisa, karibu na mlango, na Kukhu alikuwa amenisogezea nafasi kwenye benchi, amenyoosha mkono kunipokea. Nilimpita, mkate bado mdomoni, sikumtazama.